Sura ya Sita: Bolti Katika Mashine Inayotetemeka

Mpunga uliingia kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, pamoja na misafara ya Waswahili na Waarabu katika karne ya 19, ukashika kuzunguka Nyangwe, Kasongo na Kabambare, na jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis lilipouteka mji wa Kasongo mwezi Aprili 1893, zao hilo lilikuwa tayari chakula cha kawaida cha wenyeji. Utawala wa Kibelgiji uliofuata uliliingiza katika orodha ya mazao ya lazima, kiasi kwamba mpunga, ambao awali ulikuwa chakula cha mji wa wafanyabiashara, ukawa kazi ya kila kijiji. Kiswahili kina majina matatu kwa kitu hicho kimoja, yaani mpunga shambani, mchele guniani na wali sahanini, na safari ndefu zaidi kati ya majina hayo ni ile ya kwanza, kwa sababu ganda la mpunga haliondoki kwa kuombwa. Kwa vizazi kadhaa kazi hiyo ilifanywa na wanawake kwa kinu na mchi. Siku hizi, katika miji na katika vijiji vikubwa vya njiani, sehemu kubwa yake imehamia kwenye mashine ya kukoboa inayoendeshwa na injini ya dizeli, na popote penye mashine hiyo pana mtu aliyeinama chini akitafuta bolti iliyoanguka.

Mashine ya kukoboa inayojulikana zaidi katika nchi za mpunga duniani ni ya aina iliyobuniwa Brazil na Evaristo Conrado Engelberg katika miaka ya 1880 na kutengenezwa baadaye mjini Syracuse, Marekani. Ndani yake mna mhimili wa chuma wenye mbavu unaozunguka katika silinda, mpunga unabanwa kati ya mhimili huo na kisu kisichozunguka, ganda linapasuka, na mchele pamoja na pumba hutoka kwa chini. Nguvu huletwa na mkanda kutoka kwenye injini yenye pistoni moja, ambayo mara nyingi ni ya Kichina, kama ile ya aina ya S195 yenye silinda ya kipenyo cha milimita 95 na uwezo wa takriban kilowati 9 inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, au ni ya Kihindi, iliyonakiliwa kutoka injini nzito za Lister za Uingereza ambazo huzunguka taratibu zaidi, kiasi cha mara 650 kwa dakika. Pistoni moja ndiyo pia inayoendesha pampu ya maji, mashine ya kufyekea majani na msumeno wa mnyororo ambao wapasua mbao wa Kongo huuita tronsonezi, hivyo yale yatakayosemwa juu ya mashine hiyo ya kukoboa, yaani kinu cha mpunga, yanavihusu vyombo hivyo vyote, isipokuwa pale yatakapotengwa.

Injini ya pistoni moja hutetemeka kwa maumbile yake, na hakuna fundi awezaye kuituliza kabisa. Pistoni hupanda, husimama, hushuka, husimama tena, na kila inaposimama na kugeuka huvuta au husukuma mwili mzima wa injini. Uzito wa kusawazisha uliowekwa kwenye mhimili wake hupunguza msukumo huo kwa upande mmoja na kuuongeza kidogo kwa upande mwingine. Katika injini yenye mipigo minne huongezeka teke la mlipuko, ambalo huja mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, siku moja ya kazi ya saa nane ni mizunguko 960,000, maana yake ni kwamba bolti inayoishika injini hiyo hutikiswa karibu mara milioni moja kati ya asubuhi na jioni. Daraja la mto huhitaji muda mrefu sana kufikia idadi hiyo, ndiyo sababu bolti iliyodumu miaka 20 kwenye paa la kanisa inaweza kukatika kwa wiki mbili kwenye kinu.

Kabla ya kuendelea inafaa maneno yawekwe sawa, kwa kuwa mafundi wa Maniema huchukua majina mengi ya vyuma kutoka Kifaransa, na yule anayesoma vitabu vya Dar es Salaam au Nairobi hukutana na majina mengine. Bolti, ambayo Kongo huitwa buloni, ni mti wa chuma wenye kichwa upande mmoja na nyuzi upande wa pili. Nyuzi ni mfereji unaouzunguka mti huo kama mjusi apandaye nguzo kwa kuizunguka. Nati, au ekru, ndiyo inayofuata nyuzi hizo, na washa, au rondeli, ni kisahani chenye tundu kinachowekwa chini ya nati au ya kichwa. Spana huitwa kle. Sura hii inatumia bolti, nati, washa na spana, bila kudai kwamba majina mengine ni makosa.

Watu wengi huifikiria bolti kama msumari ulio bora zaidi, kitu kinachopita katika tundu na kuzuia vipande viwili visiachane kwa sababu kipo katikati yao. Fikra hiyo ndiyo chanzo cha uteuzi mbaya karibu wote. Bolti iliyokazwa vizuri ni springi: nati inapozungushwa baada ya kugusa washa, mti wa bolti huvutika, na kwa kuwa chuma kilichovutika hutaka kurudi urefu wake, huvibana vipande vilivyo kati ya kichwa na nati. Mvuto huo unaowekwa kwa spana kabla mashine haijawashwa huitwa mvuto wa awali, na ndio unaofanya kazi. Msuguano kati ya vipande vilivyobanwa ndio unaozuia injini isiteleze, wakati mwili wa bolti wenyewe, ikiwa mambo ni sawa, hauguswi na tundu lake. Bolti yenye kipenyo cha milimita 10 na ubora wa wastani wa mashine huweza kubana kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu, na kufanya hivyo huvutika kiasi kidogo mno: ikiwa sehemu iliyobanwa ina unene wa milimita 100, mvutiko ni kama sehemu mbili za kumi za milimita, na ikiwa unene ni milimita 20 tu, mvutiko ni nusu ya unene wa karatasi.

Hesabu hiyo ndogo ina matokeo makubwa. Nyuso mbili za chuma zilizobanwa, hasa zikiwa na rangi, kutu au mchanga, hubonyea kidogo katika saa za kwanza za kazi, tuseme kwa sehemu mbili za mia za milimita. Bolti ndefu iliyovutika sehemu mbili za kumi hupoteza hapo moja ya kumi ya nguvu yake, na fundi hajui kitu. Bolti fupi iliyovutika sehemu nne za mia hupoteza nusu ya nguvu yake ingawa nati haikuzunguka hata kwa unywele. Kwa hiyo pale ambapo tundu linaruhusu, bolti ndefu iliyopitishwa katika kipande cha bomba nene kilichokatwa sawasawa na kuwekwa chini ya kichwa chake huishi muda mrefu kuliko bolti fupi iliyo nene zaidi. Ni dawa ya bei ya kipande cha bomba, na ni ajabu kwamba hutumika kwa nadra.

Kulegea, basi, ni kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni hiyo ya kubonyea, ambapo nati imetulia lakini mvuto umeondoka. Namna ya pili ni nati kujifungua yenyewe, na kwa muda mrefu watu walidhani kwamba husababishwa na mtetemo wa kwenda juu na chini kwa kufuata urefu wa bolti, hadi mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alipoonyesha, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1969, kwamba adui halisi ni mwendo wa upande kwa upande. Vipande vilivyobanwa vinapoteleza kando, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, msuguano kwenye nyuzi huachia kwa kitambo kifupi, nati hurudi nyuma kidogo, mtelezo unaofuata huirudisha nyuma zaidi, na baada ya mitelezo mia chache nati iliyokazwa kwa nguvu zote huweza kuzungushwa kwa vidole. Injini ya kinu huvutwa na mkanda upande mmoja na kutikiswa na pistoni pande zote, kwa hiyo miguu yake iko katika hali ileile ya jaribio la Junker. Wafanyakazi wa reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyofunguliwa karibu na mwanzo wa 1911 na kupita upande wa magharibi wa nchi ya Kasongo, walilijua jambo hilo kwa mikono, kwani kiungo cha reli kilichoanza kucheza hakikazwi mara moja kikaisha; kikicheza huendelea kucheza.

Anayetafuta bolti ya kubadilisha hana budi kuanza na ile ya zamani, kwa sababu mabaki yake yanaeleza jinsi ilivyokufa. Bolti iliyoanguka nzima, nyuzi zake zikiwa safi, ililegea. Kununua iliyo ngumu zaidi hakutasaidia. Bolti iliyokatika ikiwa imenyongeka na kuwa nyembamba mahali pa mkato kama shingo ya chupa ilikazwa kupita kiasi, au ilikuwa ya chuma laini. Ile iliyokatika bila kunyongeka, uso wa mkato ukiwa na sehemu laini yenye mistari inayofuatana kama ile ambayo maji ya mto Lualaba huiacha ufukweni yanapopungua, na sehemu nyingine ndogo yenye chembechembe mbaya, ilikufa kwa uchovu wa chuma. Uchovu ni ufa unaoanza padogo, kwa kawaida kwenye uzi wa kwanza ndani ya nati, mahali panapobeba karibu theluthi ya mzigo wote, na kusonga mbele kidogo kwa kila mtikisiko hadi chuma kilichobaki kikashindwa kwa ghafla. Ikiwa sehemu laini ni kubwa na sehemu mbaya ni ndogo, mzigo wenyewe ulikuwa mdogo. Bolti haikuzidiwa, ilichoshwa, na ilichoshwa kwa sababu ilikuwa imelegea.

Katika hali hiyo ya mwisho ndipo kosa la kawaida hufanyika. Mwenye mashine akiona mkato huenda dukani kuomba bolti ngumu kuliko zote, ilhali nyuzi za bolti huvumilia mtikisiko wa kiasi kilekile kwa takriban madaraja yote ya ubora. Kwa kanuni ambazo wahandisi wa Ujerumani huzitumia, bolti ya milimita 10 huvumilia mpando na mshuko wa megapaskali 50 hivi, iwe ya daraja la kati au la juu. Megapaskali moja ni nguvu ya newtoni moja juu ya milimita moja ya mraba, yaani karibu gramu 100 juu ya eneo dogo kama kichwa cha pini. Faida ya bolti ngumu ni kwamba inaruhusu kukazwa zaidi, na ile iliyokazwa zaidi huhisi sehemu ndogo tu ya mtikisiko, kwa kuwa sehemu iliyobaki humezwa na vipande ilivyovibana. Aliyeinunua na kuikaza kama alivyoikaza ya kwanza amelipia kitu asichokitumia.

Daraja la ubora husomwa kichwani. Bolti za vipimo vya milimita huandikwa namba mbili zenye nukta katikati, kama 4.6, 8.8, 10.9 au 12.9, namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 ni megapaskali zinazoikata, na ya pili ni sehemu za kumi za nguvu hiyo ambazo bolti hustahimili kabla ya kuvutika moja kwa moja bila kurudi. Kwa hiyo 8.8 hukatika kwa megapaskali 800 na huanza kuharibika kwa 640. Bolti ya milimita 10 ya daraja hilo hukatwa na mzigo wa karibu tani nne na nusu hadi tano, ilhali ya 4.6 yenye umbo lilelile hukatwa na nusu ya mzigo huo. Bolti za Kimarekani hazina namba, zina mistari inayotoka katikati ya kichwa: mitatu huwa sawa na 8.8 kwa ukaribu, sita ni sawa na 10.9. Kichwa kisicho na alama yoyote kichukuliwe kuwa ni cha chuma laini, hata kama kinang'aa kama dhahabu, kwani mng'ao ni zinki tu ya kuzuia kutu. Kwa miguu ya injini, kwa mwili wa kinu na kwa kishikio cha tangi la mafuta, 8.8 inatosha, 12.9 haifai kuwekwa hovyo, kwa sababu chuma kigumu kiasi hicho hakivumilii mkwaruzo wala kutu, na kikipakwa zinki bila uangalifu huweza kukatika chenyewe siku kadhaa baada ya kukazwa, mashine ikiwa imezimwa. Bolti zisizoshika kutu nazo zina sifa isiyo yao: aina ya kawaida ni laini kuliko 8.8, na nyuzi zake hupenda kung'ang'ania nati hadi zikashikana kabisa.

Nondo ya ujenzi iliyochongwa nyuzi kwa mkono ni suala la peke yake. Mahali ambapo duka la karibu lenye bolti ndefu liko mbali na njia ni ya pikipiki, fundi mwenye kifaa cha kuchongea nyuzi hawezi kulaumiwa kwa kukata kipande cha nondo cha milimita 12, na kwa kufungia banda au meza ya mashine kipande hicho kinafaa. Lakini nyuzi zilizochongwa huacha pembe kali chini ya kila mfereji, mahali ambapo ufa huzaliwa, tofauti na nyuzi za kiwandani ambazo hufinyangwa kwa kubinywa bila kukata chuma na hivyo huwa na mwili ulioshikamana. Chini ya injini, nondo ni ya kuvukia msimu. Wenye busara huweka tarehe ya kuibadilisha.

Ugumu mkubwa zaidi kuliko daraja, kusini mwa Maniema, ni nyuzi. Vyuma huja kutoka kila upande, vingine kwa ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie, vingine kwa barabara za Bukavu na Uvira, na injini moja inaweza kuwa na bolti za nchi tatu. Mitambo ya Uingereza na nakala zake za kale za Kihindi hufuata nyuzi za Joseph Whitworth, aliyependekeza vipimo vyake mwaka 1841, ambavyo meno yake yana pembe ya digrii 55. Nyuzi za Kimarekani na zile za milimita zina digrii 60. Bolti ya milimita 12 huingia katika nati ya nusu inchi ikicheza kidogo, na mtu mwenye haraka husema imeingia; nusu inchi ni milimita 12.7, na meno yanayogusana kwa ncha tu yatanyolewa siku ya kwanza. Hata ndani ya familia ya milimita kuna mtego: bolti ya milimita 10 ya injini nyingi za Kichina ina hatua ya milimita 1.5, yaani umbali kutoka uzi hadi uzi, ilhali bolti nyingi za unene huohuo kwenye pikipiki zina hatua ya 1.25, na pikipiki ndiyo ghala kubwa la vipuri katika mji kama Kasongo. Bolti ya milimita 8 haina shida hiyo, kwa kuwa pikipiki na injini kwa kawaida hukubaliana kwenye 1.25.

Kuuliza bolti kwa namba ya spana ndiko kunakoendeleza mkanganyiko. Anayeomba bolti ya 14 anataja upana wa kichwa, na kichwa cha milimita 14 katika desturi ya Kijapani hukaa juu ya bolti ya milimita 10, ambayo kwa Wajerumani wa zamani huwa na kichwa cha 17 na katika viwango vya kimataifa huwa na 16. Namba ya spana haisemi lolote juu ya nyuzi. Kipimo cha kweli hakihitaji chombo cha ghali: rula ikilazwa juu ya nyuzi na hatua kumi zikahesabiwa, milimita 12.5 maana yake ni hatua ya 1.25, na milimita 15 ni hatua ya 1.5. Njia nyingine ni kuzilaza bolti mbili ubavu kwa ubavu, nyuzi ndani ya nyuzi, na kuzinyanyua zielekee kwenye mwanga. Ikiwa mwanga unapenya mahali popote, hazikuzaliwa na mama mmoja. Nati nayo ifungwe kwa vidole hadi mwisho kabla spana haijaguswa, kwani spana hukubali uongo ambao vidole hukataa.

Juu ya vifaa vya kuzuia nati isifunguke, sifa na kazi hazilingani. Washa ya springi iliyokatwa na kupindwa, ambayo wasomaji wa Kifaransa huiita Grower, ndiyo inayoaminiwa kuliko zote na ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote, kwa sababu bolti ya 8.8 ikikazwa ipasavyo huilaza washa hiyo bapa kabisa, na kuanzia hapo haina springi tena. Nati mbili hufanya kazi zikifungwa kwa mpangilio sahihi: ile nyembamba huwekwa chini na kukazwa kidogo, ile nene huwekwa juu na kukazwa kwa nguvu zote wakati ya chini imeshikwa kwa spana ya pili. Mafundi wengi hugeuza mpangilio huo kwa kuona kwamba nyembamba ni kofia. Nati yenye pete ya nailoni ndani haifunguki kirahisi hata mvuto ukipotea, lakini nailoni hulainika joto linapokaribia digrii 120, kwa hiyo haina nafasi kwenye bomba la moshi, na ikishafunguliwa mara kadhaa hubaki jina tu. Gundi ya nyuzi, ambayo ilibuniwa na Vernon Krieble huko Hartford, Marekani, mwaka 1953 na ambayo hukauka inapokosa hewa na kugusana na chuma, ni nzuri kuliko washa yoyote ya springi, kwa sharti kwamba nyuzi zimeoshwa kwa petroli na kukauka. Juu ya nyuzi zenye dizeli haishiki. Pini ya kupasuka inayopita katika nati yenye mapengo haizuii kulegea hata kidogo, ila huzuia nati isianguke, na kwa gurudumu zito la injini hiyo si huduma ndogo.

Mbao ndizo zinazoharibu hesabu zote. Injini nyingi za kinu hufungwa juu ya magogo mawili yaliyochongwa, na mti, hata ulio mgumu, huendelea kubonyea chini ya washa kwa wiki na miezi, hunywa maji wakati wa masika na kusinyaa katika miezi ya kiangazi katikati ya mwaka. Bolti iliyokazwa mwezi wa mvua huwa imelegea Julai bila nati kuzunguka, na gundi, pini na nati mbili hazina la kufanya hapo, kwa kuwa zote zinalinda mzunguko ambao haukutokea. Kinachosaidia ni kupanua mahali pa kubana: bamba la chuma lenye upana wa kiganja na unene wa milimita 6 au zaidi juu na chini ya gogo, badala ya washa ndogo inayozama kama kisigino kwenye matope, pamoja na bolti inayopita gogo zima, ambayo kwa urefu wake hubaki na mvuto hata gogo likipungua kidogo. Kipande cha springi ya gari kilichokatwa na kutobolewa hufaa kwa mabamba hayo, na hupatikana popote ambapo lori lilifia njiani.

Kwa msumeno wa mnyororo na mashine ya kufyekea, shauri ni tofauti. Mwili wake ni wa alumini au magnesi, chuma chepesi na laini, na bolti ndogo za milimita 5 au 6 huingia moja kwa moja katika mwili huo bila nati. Huko anayekufa ni tundu, si bolti. Nyuzi za chuma laini zinahitaji kina cha mara moja na nusu hadi mbili ya kipenyo cha bolti, kwa hiyo bolti fupi kidogo kuliko ya awali, inayoshika kwa hatua tatu tu, huling'oa tundu zima siku inapokazwa, wakati ndefu mno hugonga chini ya tundu na kuonekana imekazwa ilhali haikubana kitu. Tundu lililonyolewa hutengenezwa kwa kuwekewa uzi wa waya uliosokotwa kama springi ndogo, na mahali ambapo kifaa hicho hakipatikani, hupanuliwa na kuchongwa kwa bolti ya kipimo kinachofuata, jambo linalowezekana mara moja tu kabla ukuta wa tundu haujaisha.

Inabaki nguvu ya kukaza. Bolti ya milimita 8 ya daraja la 8.8 hutaka newtoni-mita 25 hivi, ya milimita 10 hutaka 45 hadi 50, na ya milimita 12 karibu 80. Pasipo spana ya kupimia, newtoni-mita 45 ni mkono unaovuta kwa uzito wa kilo 15 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 30, na uzito huo unaweza kujifunzwa kwa mzani wa ndoana unaotumika kupimia mchele palepale kinuni. Sehemu kubwa ya juhudi hiyo haifiki kwenye bolti: karibu nusu humezwa na msuguano chini ya nati, sehemu nyingine kubwa kwenye nyuzi, na kama moja ya kumi tu huwa mvuto. Ndiyo maana tone la mafuta hubadilisha kila kitu. Bolti iliyopakwa mafuta na kukazwa kwa mkono uleule huvutika zaidi sana, pengine hadi kukatika, na ile yenye kutu hupiga kelele na kujifanya imekaza.

Baada ya saa ya kwanza ya kazi injini huzimwa, huachwa ipoe, na bolti zote hupitiwa tena, kisha mwisho wa siku, kisha mwisho wa wiki. Kati ya mapitio hayo, mstari mwembamba wa rangi ya kucha uliochorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba lililo chini yake humwonyesha mwendeshaji, kila asubuhi kabla hajashika mpini wa kuwashia, ikiwa nati ilizunguka jana au la. Mstari ukiwa umevunjika, nati ndiyo iliyotembea. Ukiwa umenyooka, huchukua nyundo ndogo na kugonga kichwa cha bolti: iliyovutika hulia kwa sauti kali, na iliyolegea hutoa mlio mzito na mfupi, na hapo hujulikana kwamba ni gogo lililozama.